Shamba dogo na kipimo cha ufanisi

Hotuba iliyotolewa Bukavu mbele ya wanafunzi wa kilimo, wajumbe wa vyama vya wakulima na wageni waalikwa

Waheshimiwa wakubwa wa kazi, wazee wetu, mama zetu mliotoka Kabare, Walungu na Kalehe mkaacha kazi za msimu ili mkae nasi asubuhi hii, walimu, wanafunzi, ndugu na dada, nawasalimu nyote.

Kuna maneno ambayo kila mmoja wetu ameyasikia, iwe katika semina, redioni au kwenye mkutano wa viongozi: kwamba mashamba ya Kivu ni madogo mno, kwamba jembe la mkono limepitwa na wakati, na kwamba nchi hii haitashiba mpaka ardhi ikusanywe mikononi mwa watu wachache wenye mitambo na mtaji. Mara nyingi yanasemwa kwa nia njema, na wanaoyasema si wajinga. Hata hivyo naona yanakosea mahali pamoja pa msingi, kwa sababu yanachanganya shamba na mambo yanayofuata baada ya shamba. Ukubwa unahitajika kwenye kinu, kwenye lori, kwenye ghala na kwenye meza ya kupatana bei. Kwenye udongo wenyewe, katika milima kama hii yetu, ukubwa hautoi faida inayotangazwa, na aghalabu unaleta hasara ambayo hakuna anayeiandika kwenye daftari.

Tuanze na historia, maana wazo hili halikuzaliwa Kivu. Mwaka 1935 Marekani ilikuwa na mashamba karibu milioni 6.8. Sensa ya kilimo ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 1.9 tu, na wastani wa shamba moja ulikuwa umefika hekta 187 hivi. Ufaransa ilikuwa na mashamba zaidi ya milioni 1.5 mwaka 1970, na hesabu ya mwaka 2020 ilikuta hayafiki 400,000. Ubelgiji, ambayo wazee waliopo hapa wanaijua kwa sababu nyingine, ilikuwa na mashamba zaidi ya 110,000 mwaka 1980, na leo yamebaki kama 36,000.

Kupungua huko hakukutokea kwenyewe. Katika miaka ya 1970 Waziri wa Kilimo wa Marekani, Earl Butz, alijulikana kwa kuwahimiza wakulima wapanue mashamba au waache kazi hiyo. Wengi walimsikiliza, wakakopa, wakanunua ardhi ya jirani na matrekta mapya. Miaka ya 1980 ilipofika, riba ya mikopo ikapanda, bei ya mazao na ya ardhi ikaanguka, na maelfu ya familia zilizotii ushauri wa serikali ziliona mashamba yao yakiuzwa kwa mnada. Naomba wanafunzi mlikumbuke jambo hili kila mnaposoma kwamba mkulima mdogo aliondoka kwa sababu hakuwa na ufanisi, kwani wengi walioanguka wakati ule walikuwa ndio waliopanuka.

Nchi hizo zilikuwa na mambo mawili ambayo sisi hatuna. La kwanza ni viwanda. Mtoto wa mkulima aliyeondoka kijijini Ufaransa mwaka 1955 alikuta kiwanda cha magari kinaandika wafanyakazi, pamoja na nyumba ya kupanga na mshahara wa kila mwezi. Mtoto wa mkulima anayeondoka Walungu leo anakuta nini Bukavu? Anajenga kibanda cha mbao juu ya korongo la Kadutu, mahali ambapo mvua kubwa ikinyesha watu hawalali, au anapanda gari kwenda Kamituga kutafuta dhahabu kwenye kare, yaani machimbo, na dada yake anakuwa twangaise, yaani anatwanga mawe kwa mkono kutwa nzima ili apate vumbi kidogo la kuuza. Tunapomtoa mtu shambani kwa jina la ufanisi, ni lazima tuhesabu pia anafanya nini kesho yake. Akiwa hana kazi, basi nguvu tuliyosema tumeiokoa haikuokolewa, imetupwa.

La pili ni ruzuku. Nchi za Ulaya zilianzisha sera yao ya pamoja ya kilimo mwaka 1962, na kwa muda mrefu sera hiyo ilikula zaidi ya nusu ya bajeti ya Jumuiya yao. Hata sasa inachukua karibu theluthi moja. Sehemu kubwa ya fedha hizo hugawiwa kwa kufuata hekta, hivyo mwenye hekta nyingi anapokea nyingi, na imehesabiwa kwamba takriban asilimia 80 ya malipo huenda kwa asilimia 20 ya wanaolipwa. Kwa hiyo unga wa maziwa kutoka Ulaya unaokuta dukani hapa mjini umebeba ndani yake kodi za raia wa huko, na bei yake haituambii ni nani anayezalisha kwa gharama ndogo kuliko mwingine. Tunamlinganisha mama wa Kabare mwenye ng'ombe mmoja na tajiri anayelipwa na serikali yake, halafu tunamwambia mama kwamba ameshindwa mashindano. Sioni haki hapo, na wala sioni uchumi.

Sasa nije kwenye kipimo chenyewe. Unapouliza shamba lina ufanisi gani, lazima kwanza useme unagawanya mavuno kwa nini. Ukigawanya kwa idadi ya wafanyakazi, mtu mmoja juu ya trekta katika hekta 500 atamshinda kila mtu aliyemo humu ndani. Ukigawanya kwa hekta, hesabu inabadilika sana. Mwaka 1962 mwanauchumi wa India, Amartya Sen, alichunguza takwimu za mashamba ya nchi yake na kuonyesha kwamba mashamba madogo yalikuwa yakitoa mavuno mengi zaidi kwa kila eka kuliko makubwa. Tangu hapo watafiti wamebishana juu ya sababu zake, na wengine wamelaumu namna ardhi na mavuno vinavyopimwa, lakini jambo lenyewe limeonekana tena na tena katika nchi nyingi za Asia na Afrika. Kwa dunia nzima, mashamba yasiyozidi hekta 2 ni takriban asilimia 84 ya mashamba yote. Yanashika asilimia 12 hivi tu ya ardhi ya kilimo, lakini yanatoa kama asilimia 35 ya chakula. Eneo lenye ardhi chache na vijana wengi lina sababu gani ya kuchagua kipimo kinachohesabu ardhi kama bure na mikono ya watu kama gharama? Kipimo hicho kilibuniwa mahali ambapo mambo yalikuwa kinyume.

Twende mpaka ndani ya shamba. Chukueni nusu hekta ya kawaida huko Ngweshe. Kuzunguka nyumba kuna migomba, na chini ya migomba kuna maharagi, kwa sababu maharagi yanavumilia kivuli. Kwenye mteremko kuna muhogo, na katikati ya muhogo kuna mahindi machache na miboga inayotambaa na kufunika udongo. Chini kabisa, kwenye unyevu, kuna mateke, yaani magimbi. Kwenye mpaka wa jirani umesimama mti wa avoka, na kando ya mifereji yameoteshwa majani ya mbuzi. Msimu wa kwanza unaanza Septemba, wa pili Februari, na wenye kipande bondeni wanalima tena mboga wakati wa kiangazi. Nyuma ya jiko kuna simbilisi, mnyama mdogo wa kufugwa. Wanafunzi msicheke! Wakati wa vita, ng'ombe walichukuliwa, kisha mbuzi, kisha kuku, na familia nyingi za Kivu Kusini zikageukia simbilisi kwa sababu anafichika, anabebeka hata na mtoto mdogo, anakula maganda na majani, na samadi yake inarudi kwenye shina la mgomba.

Afisa wa takwimu akipita hapo, anaandika: maharagi, kilo kadhaa kwa hekta, mavuno hafifu. Haandiki sombe, yaani majani ya muhogo, iliyochumwa mara tatu kwa juma, haandiki majani ya maharagi wala ya maboga, haandiki kuni, haandiki ndizi za kuliwa na zile za kasiksi, pombe ya ndizi, haandiki samadi. Ameona zao moja kati ya kumi, amelipima kana kwamba limepandwa peke yake katika hekta nzima, halafu ripoti yake inasomwa Kinshasa kuwa ushahidi kwamba watu wa Ngweshe hawajui kulima. Kuna nyakati nafikiri ufukara wetu mwingine unatengenezwa na fomu.

Mfano wa mnyauko wa migomba unaonyesha vizuri zaidi mkono na jicho vinafanya kazi gani. Ugonjwa huu uliingia Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukashuka mpaka kwetu, na wengi wenu mnakumbuka migomba ikinyong'onyea na ndizi zikiiva kabla ya wakati huku ndani zimeoza. Ushauri wa kwanza ulikuwa kung'oa kichaka chote cha mgomba pamoja na mizizi na kuacha ardhi ipumzike, kazi ngumu iliyoacha nyumba bila chakula na bila fedha, na ndiyo maana wakulima wengi hawakuufuata. Baadaye watafiti walioshirikiana na wakulima wa Kivu hii walionyesha njia nyepesi: kukata shina lililougua peke yake mara linapoonekana, kuchoma panga kwenye moto kabla ya kugusa shina lingine, na kuvunja ua dume kwa kijiti chenye pacha badala ya kulikata, kwa sababu wadudu wanaotembelea ua hilo ndio wanaosambaza ugonjwa. Njia hii inafanya kazi. Lakini haifanyi kazi kwa mtu asiyepita katika migomba yake kila juma na kuitazama mmoja mmoja. Katika hekta elfu moja zenye vibarua wa kulipwa kwa siku, nani atapita? Na nani atajali kuchoma panga wakati msimamizi ameenda kula?

Huo ndio ufanisi wa shamba dogo, ndugu zangu: uangalizi mwingi katika eneo dogo, unaofanywa na mtu ambaye atakula matokeo yake.

Nisingependa mtoke hapa mkidhani nimekuja kusifu umaskini. Shamba dogo la Kivu ni mgonjwa, na ugonjwa wake unaonekana katika watoto. Hospitali ya Lwiro imepokea kwashiorkor, ugonjwa wa utapiamlo, miaka na miaka, kutoka katika vijiji vyenye udongo mweusi na mvua ya kutosha. Ardhi inagawanywa kati ya ndugu mpaka sehemu ya mtu inakuwa ya kupanda mistari michache ya maharagi. Udongo wa juu unashuka na mvua mpaka ziwani. Mkulima anauza zao likiwa bado shambani kwa sababu mtoto anafukuzwa shule, kisha ananunua maharagi yale yale kwa gigozi, yaani kopo la kupimia, miezi michache baadaye kwa bei maradufu. Na mzigo mkubwa wa kazi hiyo yote uko mgongoni mwa mwanamke, ambaye jina lake haliandikwi kwenye karatasi yoyote ya ardhi. Anayesema hali hii iendelee kama ilivyo hawapendi wakulima.

Lakini tuulize shamba lilifikaje hapa. Mashamba yetu hayakuwa madogo siku zote. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni iliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, ikaipa mamlaka juu ya maeneo mapana, na ardhi nzuri ikagawiwa walowezi kwa ajili ya kahawa, kwinini na chai. Wenyeji walisogezwa juu, kwenye miinuko na miamba. Ikaja sheria ya ardhi ya Julai 1973, iliyosema ardhi yote ni mali ya serikali, na ambayo katika kifungu cha 389 iliahidi kwamba haki za wanaoishi kwenye ardhi ya kimila zitawekewa utaratibu kwa amri ya Rais. Kwa zaidi ya miaka 40 amri hiyo haikutolewa. Mnamo 30 Novemba mwaka huo huo Mobutu alitangaza Zairianisation, na mashamba ya wageni yakapewa wananchi ambao wengi wao walikuwa watu wa siasa na jamaa zao, na mengi yakageuka pori huku wanakijiji wakiyatazama ng'ambo ya ua. Kwa hiyo mtu anaposema shamba la Mshi, mwenyeji wa Bushi hapa kwetu, ni dogo mno kuwa na maana, ningemwomba ataje pia lile kubwa lililo pembeni yake na aseme linazalisha nini.

Chini ya historia hiyo kuna jambo moja ambalo nalipa uzito kuliko trekta zote. Kwetu Bushi ardhi ya kimila ina milango tofauti. Aliyetoa kalinzi, yaani malipo ya kimila, kwa mwami, mtawala wa jadi, au kwa mwakilishi wake, zamani kwa ng'ombe, anapata haki ya kudumu inayorithiwa na watoto wake. Anayelima kwa bwasa amekodishwa kwa msimu au misimu michache, na kwa desturi haruhusiwi kupanda kitu cha kudumu: hakuna mgomba, hakuna kahawa, hakuna mti, kwa kuwa mti ni dalili ya umiliki. Fikirini maana yake kwa kilimo. Mwenye bwasa akichimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko, akaweka samadi misimu mitatu mfululizo, ameandaa shamba zuri ambalo mwenye ardhi atalichukua mwaka unaofuata. Kwa hiyo hachimbi, hatii samadi, anapanda muhogo na kung'oa kilichopo. Yeye anapiga hesabu sawasawa kabisa. Mtaalamu akifika anaona mteremko uliochoka na kusema ni ujinga wa mkulima mdogo, kumbe ni karatasi ambayo haipo.

Nchi yetu imejaribu pia njia ya ukubwa, na jaribio lilikuwa la gharama. Mwaka 2014 lilizinduliwa shamba la Bukanga-Lonzo, hekta 80,000, kilomita 250 hivi kutoka Kinshasa, kwa ahadi ya kuulisha mji mkuu. Matrekta yalipangwa mstari, picha zikapigwa. Mwaka 2017 kazi zilikuwa zimesimama. Ukaguzi Mkuu wa Fedha ulitoa ripoti yake mwaka 2020, na hesabu iliyotajwa ni dola milioni 285 zilizotoka hazinani. Mambo ya wizi nayaachia mahakama. Mimi nataka tutazame kilichobaki hata kama kila mtu angekuwa mwaminifu: udongo wa mchanga unaodai mbolea nyingi, mitambo inayongoja vipuri na mafuta kutoka mbali, na uamuzi wote mikononi mwa ofisi moja, hivyo ofisi ilipoanguka hakuna aliyebaki shambani wa kuendelea. Gawanyeni dola milioni 285 kwa dola 100, mtapata nyumba milioni mbili na laki nane na nusu, kila moja ikiwa na mbegu bora, jembe jipya na mbuzi wa kuanzia. Simaanishi fedha zigawanywe hivyo kesho. Nataka tu tuone uzito wake.

Sasa niseme mahali ambapo ukubwa ni wa lazima, kwa kuwa wapo wanaodhani mtetezi wa shamba dogo anapinga kila kitu kikubwa. Kwa miaka mingi wakulima wa kahawa wa Minova, Kalehe na Idjwi walikaushia kahawa yao chini, nyumba kwa nyumba, wakaiuza kwa bei ya kutupa au kuivusha ziwani usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, na wengine walizama pamoja na magunia yao. Kahawa nzuri inataka tunda jekundu lililoiva liondolewe ganda siku ile ile lilipochumwa, mbegu zichachuke, zioshwe, zianikwe juu ya meza na kuchambuliwa. Mwenye miti 200 hawezi kununua mashine ya kumenya wala kumpata mnunuzi wa Ulaya. Mamia ya wenye miti 200 wanaweza, na vyama vya ushirika vilivyojenga vituo vya kuoshea kahawa kwenye mwambao wa Ziwa Kivu vimethibitisha. Hakuna aliyeunganisha mashamba. Kila mtu alibaki na kahawa yake na migomba yake. Kilichounganishwa ni maji, mashine, mizani na sauti ya kuuzia.

Majirani zetu wa Kenya walifanya hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Wakati wa ukoloni Waafrika walizuiwa kwa muda mrefu kulima chai, kwa madai kwamba zao hilo linahitaji bwana mwenye shamba kubwa. Mwaka 1964 serikali ya Kenya iliunda mamlaka ya kusimamia chai ya wakulima wadogo, ambayo leo inajulikana kama KTDA, na sasa wakulima zaidi ya 600,000, wengi wao wenye chini ya nusu hekta, wanapeleka majani kwenye viwanda vyao wenyewe na kutoa zaidi ya nusu ya chai yote ya nchi hiyo. Malalamiko yao juu ya uongozi na malipo ni mengi, na wana haki ya kulalamika. Lakini ubora wa chai unategemea kuchuma majani mawili na kichipukizi, si zaidi, na mkono wa mwenye shamba unachagua vizuri kuliko mashine. Kiwanda ni kikubwa, shamba ni dogo, na kila kimoja kiko mahali pake.

Vikwazo vyetu vikubwa viko hapo hapo, baada ya mavuno. Gunia la mihogo linalotoka Mwenga halishindwi na shamba kubwa la mtu yeyote. Linashindwa na barabara na vizuizi. Mwaka 2017 kituo cha utafiti cha IPIS cha Ubelgiji kilihesabu vizuizi karibu 800 katika Kivu zote mbili, na vingi vilikuwa mahali pa kutozea watu fedha. Kila kimoja kinachukua kitu kidogo, kwa jina la kodi hii au ile, na mwisho wa safari mama hana cha kurudi nacho. Ukimpa mama huyo trekta, utakuwa umeongeza magunia ya kutozwa.

Nije sasa kwetu sisi watu wa mjini, maana mkulima mdogo hafi kwa maamuzi ya mawaziri peke yao. Sisi tunaokula tumezoea mchele uliotoka Asia kwa meli na mayai yaliyovuka mpaka, kwa sababu ni rahisi na yanapatikana kila siku kwa ukubwa ule ule. Shule, mahoteli na hata sherehe za arusi zinapeleka fedha huko huko. Sitamlaumu mama wa Kadutu mwenye franka chache na watoto saba anayenunua kilicho nafuu. Ila Machi 2020, mpaka wa Ruzizi ulipofungwa kwa sababu ya korona, sote tuliona bei zikipanda sokoni kwa muda mfupi, na vilivyoendelea kushuka kutoka milimani kila asubuhi vilikuwa vikapu vya Kabare na Walungu. Mnyororo mrefu wa chakula ni nafuu siku barabara zote zikiwa wazi na nchi zote zikiwa na amani. Watu wa mji huu mnajua siku kama hizo zimekuwa ngapi.

Kuna hoja moja ya vijana ambayo siwezi kuiruka, kwani nimeulizwa kabla hata sijapanda hapa: hata mkitupa ardhi, nani anataka kulima? Ni hoja ya kweli. Kijana hakimbii udongo, anakimbia kulima miaka kumi kwenye ardhi ya baba bila kuwa na chake, kuuza bila kupanga bei, na kuitwa mtu aliyeshindwa na masomo. Serikali zetu za Afrika ziliahidi Maputo mwaka 2003 kuweka asilimia 10 ya bajeti katika kilimo, zikarudia ahadi Malabo mwaka 2014, na Kongo imeshindwa kuitimiza kwa miaka mingi. Lakini hata fedha hizo zikija, kama zitakwenda kwenye Bukanga-Lonzo nyingine, kijana wa Kaziba atabaki pale pale alipo, pembeni, anatazama.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linaweza kuanza katika chefferie zetu, yaani maeneo ya watawala wa kimila, bila kungoja Kinshasa: mkataba wa bwasa ulioandikwa, wa miaka isiyopungua mitano, wenye saini ya mwenye ardhi, ya mlimaji na, akiwa ameoa, ya mke wake, ukiwa na kipengele kinachosema mlimaji akichimba mifereji au akipanda miti ya kuzuia udongo, kazi hiyo itathaminiwa na kulipwa siku atakapoondoka, na ardhi itabaki ya mwenyewe bila shaka. Rasimu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na kwa Mashi, iko mezani karibu na mlango. Chukueni nakala. Baada ya maswali tutaipitia kipengele kwa kipengele, tukianza na hicho cha miti, ambacho wazee wawili wa Ngweshe wameshaniambia hawakubaliani nacho, na ningependa waseme sababu zao mbele ya wote.